Vidonge Vinane vya Mama Ken

Kulikuwa na wakati, wala si zamani, ambapo Ngendo wa Giakanja aliishi nusu shubiri juu ya ardhi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeilalia migomba, alimeza vidonge viwili kwa chai ya moto, akachukua ndoo na kigoda, akashuka zizini kwa Njata, ng'ombe wake mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji. Akifika titi la pili, dawa nayo imeshafika. Mgongo uliokuwa ukimkera tangu alfajiri ulinyamaza. Ukungu wa nje ukakutana na ukungu wa ndani, na mama wa watu akaanza kuelea, kichwa kikiwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono ikikama yenyewe.

Tuseme ukweli, kwa sababu wanaosimulia mambo haya hupenda kuruka hapo: ulikuwa utamu. Marehemu mumewe, Gikonyo, alikuwa akipita katika ukungu ule na kamba yake ya kupimia shamba, amevaa koti la mvua, hasemi neno. Ngendo hakumwogopa. Alimwangalia akipita, akarudi kwenye maziwa yake. Hakuna kitu kilichomuuma saa hizo, wala upweke.

Dawa yenyewe ilianzia hospitalini, tena kwa haki. Miaka mitatu nyuma, siku ya mvua, aliteleza kwenye matuta ya kahawa akiwa na mzigo wa nyasi za nepia, na pingili moja ya uti wa mgongo ikapasuka. Akapewa tramadol, vidonge vikali vya maumivu, za wiki chache. Wiki zikaisha, maumivu yakabaki. Maumivu nayo yalipopungua, mwili ukaendelea kudai dawa kivyake. Viwili vikawa vinne, vinne vikawa vinane: viwili alfajiri, viwili saa nne, viwili baada ya chakula cha mchana, viwili jioni. Alivinunua mjini Nyeri, leo duka hili, kesho lile, na kila muuzaji alimhurumia kwa huo mgongo. Hakujiona mlevi. Mlevi ni yule anayetoka baa akiukumbatia ukuta. Yeye alikuwa katibu wa akina mama kanisani, na sauti yake ya kwanza ilitegemewa kwenye kwaya.

Mwanawe wa pekee, Ken, fundi wa umeme mjini, alikuwa amemwoa Gakii, mwalimu wa chekechea kutoka Meru. Vijana hao walijenga hatua thelathini kutoka kwa mlango wa Ngendo, boma moja. Kwa kuwa mkwe hakujua Kikuyu na mama mkwe hakujua Kimeru, Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja wao wa kukutania, Kiswahili chao hicho cha mlimani kisichojali sana sarufi. Na mwaka ule Gakii alikuwa mjamzito. Skani ilisema msichana.

Kwa Wakikuyu hilo si jambo dogo. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo aliyekuwa tumboni mwa Gakii alikuwa Ngendo, na Ngendo mkubwa alimsubiri kama mtu anayejisubiri mwenyewe. Alishanunua beseni la rangi ya waridi. Alishaamua ni yeye atakayemwosha, asubuhi na jioni, kama mama mkwe wake alivyomwosha Ken. Wala hakuwa na ombi lingine kwa Mungu mwaka huo.

Mwezi Juni, siku ya Jumanne, Gakii alirudi kutoka shuleni akakuta jiko la mama limejaa moshi. Maziwa yalikuwa yamechemka, yakamwagika, yakaungua, na sufuria ilikuwa nyekundu matako. Ngendo alikuwa ameketi mbele ya moto, macho nusu wazi, anatabasamu, na pindo la sketi yake lilikuwa limeshika cheche. Gakii aliuzima moto kwa viganja, tumbo lote lile likiwa mbele yake. Ngendo akamwambia, "Umefika, mtoto wangu," kwa upole kabisa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kesho yake Gakii alikuja na mikono iliyopakwa mafuta ya kuungua. Hakuketi.

"Mami, mimi nakuheshimu. Lakini mtoto hatabaki na wewe ukiwa hivi. Hata kumwosha, hapana."

"Niko aje?"

"Unajua vile uko."

Ngendo alijua. Ilimuuma kushinda mgongo, na kwa mara ya kwanza dawa haikuyafikia maumivu hayo.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na kosa lake ni la watu wa kwao. Kwa watu wa wokovu wa milima hii, jambo huachwa siku moja. Mtu hunywa pombe miaka ishirini, Jumapili akasimama, akakiri, na Jumatatu amevaa suti anakwenda kulipia mahari ya zamani. Hujawahi kumsikia aliyesimama akasema, "Bwana asifiwe, wiki hii nimepunguza chupa moja." Angechekwa mpaka na watoto wa Sunday school. Basi Ngendo alivitupa vidonge vyote chooni Jumamosi, Jumapili ya kwanza ya Julai akasimama kanisani, akaeleza habari za sketi na moto bila kuficha, akasema, "Na jana nimeacha." Akina mama wakaimba, wakamkumbatia mmoja mmoja. Beth, mwenyekiti wao, alilia kwa furaha.

Jioni hiyo hiyo ikaanza miayo. Si miayo ya usingizi. Ni miayo iliyofuatana mpaka taya likauma. Kisha machozi, kisha kamasi. Ilikuwa Julai, mwezi ambao eneo zima la Tetu huvaa sweta mbili na kupenga, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. "Ni baridi, Mama Ken," Beth alimwambia, "hata sisi tunaumwa." Jumatatu, vinyweleo vilimsimama mwili mzima na jasho likamtoka akiwa anatetemeka. Tumbo likaachia. Miguu haikutaka kutulia; ilirusha blanketi kama ya mtoto mtundu. Jumanne mchana, akiwa kitandani karibu na dirisha, alimwona Gikonyo akija kwenye ukungu na kamba yake, lakini safari hii alikuja ndani, akaipitisha kamba katikati ya mifupa ya mkewe, akaanza kuivuta, anapima. Alivuta mchana kutwa. Hakumaliza kupima.

Beth alikuja na supu ya mifupa na maombi. "Ni adui anatoka. Usimrudishe."

Ngendo aliitikia amina, lakini moyoni alijiambia kwamba adui huyo alikuwa anatoka na matumbo yake yote. Alikuwa na hofu ya kufa, na hofu mbaya zaidi ya kutokufa. Jumatano akajifunga shuka tatu, akapanda bodaboda hadi mjini, akanunua vidonge, akavimeza viwili pale pale kwenye ngazi ya duka bila hata maji. Nusu saa baadaye dunia ilikuwa pamba tena. Alirudi nyumbani akielea, huku analia, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limeshaimba.

Gakii alimkuta mchana huo anapepeta maharagwe kwenye jua.

"Umepona haraka."

"Mungu ni mwema."

Gakii aliinama, akamtazama machoni kwa muda. Mboni zilikuwa zimerudi kuwa ndogo kama tundu la sindano. Hakumgombeza. Alisema tu, "Kesho tunaenda hosi. Wewe na mimi na huyu," akagusa tumbo.

Daktari waliyemkuta mjini aliitwa Kingori, kijana mwenye miwani na sweta ya kufumwa, ambaye aliacha Kikuyu chake alipogundua Gakii hakijui na kuhamia Kiswahili.

"Mama, unameza ngapi kwa siku?"

"Mbili. Ikiuma sana, tatu."

Kingori hakuandika. Aliweka kalamu juu ya karatasi, akangoja. Nje mtu aliitwa jina, akaitwa tena. Gakii aliangalia ukuta. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na Ngendo aliona mauti yake yakiwa yamevaa sketi yenye pindo lililoungua.

"Nane," alisema.

"Asante, Mama."

Hiyo asante ilimshangaza. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba. Badala yake Kingori alimweleza, pole pole, kwamba mwili wake umezoea, kwamba si shetani na si ati yeye ni mtu mbaya. "Ukiacha siku moja, mwili inashtuka. Hiyo ndiyo ulionja. Wengine hata wanashikwa na kifafa. Na wengine wanakaa bila, halafu wanarudia ile nyingi ya zamani, wanalala wasiamke. Kwa hivyo tunapunguza. Moja, kila wiki mbili. Ikikuwa ngumu tunasimama hapo hapo, tunangoja. Lakini haturudi juu."

Ngendo alikunja uso, akafikiri. "Ni kama kukausha ng'ombe?"

"Kukausha?" Kingori alikuwa amelelewa mjini, maziwa aliyajua kwenye pakiti.

Ngendo alikaa wima kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ng'ombe akiwa na mimba, lazima apumzishwe maziwa miezi mbili kabla azae. Na kama anatoa mingi, huwezi amka siku moja uache. Matiti inafura, inashika ugonjwa, unaweza poteza titi yote. Kwa hivyo unamwondolea ile chakula ya maziwa. Unakama mara moja kwa siku. Halafu unaruka siku. Unaenda hivyo mpaka iishe yenyewe."

"Na yeye anasumbua?"

"Analia. Saa ya kukamwa ikifika anakuja kwa mlango, anakuangalia tu. Unamwonea huruma. Lakini usirudi nyuma."

Kingori alicheka kidogo, akavua miwani, akaipangusa. "Basi Mama, hii kazi unaijua kuliko mimi." Ngendo alitazama mikono yake miwili juu ya mapaja, mikono iliyokausha ng'ombe wasiohesabika bila kupoteza titi hata moja, akajiona mjinga wa mwisho.

Ikakubaliwa kwamba Gakii ndiye atakayeweka dawa, ndani ya kopo la majani ya chai, na kuzigawa kila asubuhi. Ngendo apewe paracetamol kwa maumivu, chupa ya maji moto ya kiunoni, na mazoezi ya mgongo ambayo aliyafanya kwenye mkeka huku kuku wakimkagua.

Bandu bandu huisha gogo. Agosti ikapita na vidonge saba, kisha sita. Kila kimoja kilipotoka, siku tatu nne zilikuwa za miayo na hasira na jasho, kisha mwili ukakubali, kama mtu aliyesogezwa kwenye benchi. Jumapili moja alisimama tena kanisani. Alisema kwamba ile Julai aliwadanganya, kwamba aliacha siku tatu akarudia, na kwamba sasa yuko kwenye sita. Hakuna aliyeimba. Beth aliangalia chini. Lakini baada ya ibada, Wangechi mzee, mke wa mchungaji mstaafu, alimvuta nyuma ya tangi la maji akamnong'oneza, "Huyo daktari yako anaitwa nani?" Walisimama hapo wameshikana mikono mpaka watu wakaisha.

Kufikia tano, kulianza kutokea mambo ambayo hakuna aliyemwonya. Dunia ilikuwa inarudi, na ilirudi bila kupiga hodi. Siku moja alisikia harufu ya nepia iliyokatwa, akasimama njiani nusu saa, kwa maana hakuwa ameisikia miaka mitatu. Wimbo wa redio ulimliza mbele ya muuza mandazi. Na ndoto zilimjaa mpaka zikamwagikia mchana: aliketi kwenye gunia nje ya ghala, jua la saa tisa likimpiga magotini, na mara shamba lote lilianza kupumua, mistari ya kahawa ikipanda na kushuka, na Gikonyo alikuwa pale, ameiviringisha kamba yake begani. Safari hii alizungumza. Alimuuliza kama amekula. Ngendo aliamka na mate mdomoni na huzuni safi, huzuni ya mjane, ambayo kumbe hakuwa ameilia hata siku ya mazishi. Akailia hapo kwenye gunia. Ilimuuma vizuri.

"Mami, kuna nini?" Gakii alimuuliza kutoka mlangoni.

"Baba Ken amekufa," alisema Ngendo.

Gakii alielewa. Alikuja akaketi kando yake, kwa shida, maana tumbo lilikuwa kubwa sasa, na wakakaa hivyo mpaka jua likahama.

Nne. Tatu. Katikati ya Oktoba, kahawa ikiwa imefunua maua meupe baada ya mvua, alifika viwili. Mikono yake ilikuwa imetulia. Gakii alikuwa ameanza kumwachia vitu vidogo: kupika uji, kukunja nguo za mtoto, kulipanga beseni. Watu wa Meru hawasemi ovyo, na huyu alisema kidogo kuliko wote.

Kisha dada yake Ngendo aliyeolewa Kerugoya, Wakiuru, akafiwa na mume. Ngendo alikwenda huko siku nne, amebeba vidonge vyake vinane ndani ya karatasi, vimekunjwa na Gakii viwili viwili. Siku ya kwanza aliketi kwenye kiti cha plastiki, tangu asubuhi hadi jioni, katikati ya nyimbo na vilio. Mgongo ulianza kunong'ona, kisha kusema, kisha kupayuka. Siku ya pili alitoka kununua sukari ya chai ya waombolezaji. Jirani na duka la sukari palikuwa na duka la dawa, na Kerugoya hakuna aliyemjua yeye ni mama wa nani. Alinunua karatasi moja ya vidonge kumi, akajiambia ni kwa ajili ya mazishi tu. Alikula vinne siku hiyo, viwili vya Gakii na viwili vya duka, na vinne siku iliyofuata, na zile saa za kuelea zilikuwa nzuri na mbaya kwa pamoja, kwa sababu sasa alijua ni nini kilichokuwa kinafunikwa. Aliporudi Giakanja, ile karatasi ya dukani ilikuwa imebaki na sita, chini kabisa ya kiondo, kikapu chake cha kufumwa. Siku mbili alijitahidi. Asubuhi ya tatu mgongo ulimshinda, akavitoa viwili, akaviongeza juu ya viwili alivyoachiwa na Gakii.

Siku aliyorudi Giakanja ndiyo siku aliyojifungua Gakii, wiki moja kabla ya siku yake. Na asubuhi hiyo ya tatu, saa nne hivi, Ken alisimamisha gari la kukodi langoni, akamteremsha mkewe na kifurushi cheupe.

Akina mama walikuwa wameshaleta uji na njahi, maharagwe meusi ya mzazi, na kuku wawili, wakapiga vigelegele vitatu vya msichana ambavyo desturi inataka, wakaenda zao ili mzazi apumzike. Ken akapeleka maji ya moto ndani, akarudi kazini. Nyumba ikawa kimya. Mwanga wa dirisha ulikuwa mwepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, na beseni la waridi lilikuwa katikati ya sakafu, linafuka mvuke.

Gakii alikuwa amechoka hadi midomo. Alimtazama mama mkwe wake amekaa kitandani, safi, kitambaa kichwani, kofia ya sweta ya mtoto mapajani. Akanyoosha mikono yake miwili na kile kifurushi.

"Mami, shika Ngendo. Mwoshe. Mimi nilale kidogo."

Yale aliyoyaomba mwaka mzima yalikuwa hatua moja mbele yake, yamefumba macho, yana nywele nyeusi zilizolala kwa jasho. Ngendo alihisi ule ulaini anaoujua ukimpanda. Sauti ya Gakii ilikuwa inamfikia kutoka ng'ambo ya kitu. Angeweza kumchukua. Hakuna aliyejua, na pengine lisingetokea lolote. Wanawake wangapi huosha watoto wakiwa wamechoka kuliko hivyo. Aliingiza mikono yake chini ya shali.

"Leo hapana," alisema.

"Unaumwa?"

"Leo nimekunywa nne. Nilinunua Kerugoya." Akavuta kiondo kwa mguu, akatoa karatasi ya vidonge, akaiweka juu ya kitanda kati yao. "Imebaki nne. Nyingine nimekula. Usinipe mtoto leo, Gakii."

Gakii alibaki amesimama, mikono ikiwa bado imenyooka. Ngendo aliungoja uso wake kama alivyowahi kuungoja uso wa daktari, akijua kwamba safari hii hakuna kalamu ya kuwekwa chini. Mtoto alipiga chafya ndogo. Kisha Gakii akaichukua ile karatasi, akaitia mfukoni mwa gauni, akaja akaketi kitandani, karibu kabisa, nyonga kwa nyonga. Akamlaza mtoto juu ya mapaja yao wote wawili, kichwa upande wake, miguu upande wa bibi, na mkono wake mwenyewe akaupitisha chini.

"Kesho nitakuuliza tena," alisema.

"Niulize."

"Na kesho kutwa."

"Na kesho kutwa," alisema Ngendo.

Maji yalikuwa yanapoa kwenye beseni. Gakii alifumba macho bila kuondoa mkono, na Ngendo, akiwa macho kwa nguvu zake zote, alihesabu vidole vya mguu mmoja, kisha vya mguu wa pili, bila kugusa.